Ufunguo wa Shemeji

Mama Seva hakuwa mtu wa kubisha hodi mara mbili. Aligonga mara moja, akausukuma mlango wa meneja na kuingia, kompyuta yake ikiwa wazi mkononi kama sinia. Pale kwenye kampuni ya maji walimpa jina hilo kwa sababu seva zote, zile kompyuta kuu zinazotunza kumbukumbu za kampuni, alizilea yeye, tangu zilipokuwa zimebanwa kwenye stoo pamoja na mafagio. Ukimwambia seva imekufa, atakujibu, "Haijafa, imenuna tu."

Ndani alimkuta shemeji yake, mdogo wa mumewe, amekaa kwenye ncha ya kiti. Naye alikuwa mtunzi wa programu hapo hapo. Rekodi za mita za mtaa mzima zilikuwa zimefutwa, na meneja alishaamua: shemeji anafukuzwa leo.

"Kabla hujasema lolote," meneja alianza, "damu nzito kuliko maji, na hapa tunauza maji. Sitaki utetezi wa ndugu."

"Sijaja kutetea, bosi. Nimekuja kuuliza umejuaje."

Meneja akageuza skrini. Akaunti iliyofuta rekodi ilikubali ufunguo mmoja tu. Si wa chuma; ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Nusu yake ya siri hubaki kwenye kompyuta ya mwenyewe, nusu ya wazi hupewa seva ili imtambue akija. Meneja alikuwa ameulinganisha na ufunguo wa shemeji.

"Ni ule ule. Herufi kwa herufi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mwanzo wote huu!"

Mama Seva akacheka, maana mtego huo ulishamnasa hata yeye. "Bosi, funguo za aina hii zote zinaanza hivyo. Hata wako. Soma mwisho. Na ufunguo wake uuombe upya wewe mwenyewe, mimi ni ndugu, nisije nikaambiwa nimepika."

Akamtajia anwani ya tovuti ambamo watunzi wa programu wote wa kampuni huweka nusu za wazi za funguo zao. Meneja akaongeza jina la shemeji, akabonyeza. Tovuti ikaurudisha ufunguo pale pale, kwa kuwa nusu ya wazi haifichwi mtu. Meneja akafuata mstari kwa kidole hadi mwisho. Mwisho haukufanana hata kidogo na ule uliofuta rekodi. Shemeji akashusha pumzi iliyosikika mpaka mlangoni.

"Sasa nani?" meneja akauliza.

Mama Seva angeweza kumshukuru Mungu na kuondoka. Lakini kazi ya nusunusu ilimwasha mwili mzima. "Tuwaulizie wote. Anza na mimi," alisema, kifua mbele.

Zikarudi funguo mbili: mpya, na wa zamani wa kompyuta aliyowahi kuitumia. Kidole cha meneja kikatembea, kikafika mwisho, kikarudi kuanza tena. Ule wa zamani ndio wenyewe.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aibu ilimpanda Mama Seva mpaka masikioni, lakini hakuinamisha kichwa. Ile kompyuta aliigawa kwa chumba cha uhasibu bila kuifuta. Akapiga simu huko, akaweka sauti juu. Mhasibu akakiri bila wasiwasi kwamba jana alibonyeza kitu kilichoandikwa "Safisha", akidhani kinaondoa uchafu kwenye mashine.

"Yeye hana kosa," Mama Seva alisema. "Niliitoa na ufunguo wangu ndani."

"Ungeishia kwa shemeji yako, nisingejua."

"Angejua yeye," akajibu, akimwonyesha shemeji kwa kidevu. "Siku moja angejua. Nifungie, bosi. Kanuni niliandika mimi: ufunguo wako ukivuja, funguo zako zote zinafutwa mpaka uchunguzwe."

Meneja akasita, kisha akafuta zote mbili. Seva alizozilea miaka yote hiyo sasa hazikumjua tena, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Nakala ya rekodi ipo," Mama Seva akamwambia shemeji. "Ila mimi siwezi kuingia. Nifungulie."

Shemeji akasogea mezani. "Haya, shemeji. Wewe taja amri, mimi naandika."

Mama Seva akavuta kiti, akakaa nyuma ya bega lake, mikono mapajani, akaanza kumtajia.