Simu chini ya mto ilivyonifanya nimwambie baba mkwe "Mwadila" saa tatu asubuhi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Bariadi na siongezi chumvi, iliyopo inatosha.

Mimi ni fundi cherehani. Nikifunga kazi jioni nazama kwenye video na umbea wa mpira mpaka macho yanawasha, halafu simu naiweka chini ya mto. Usingizi hauji, kichwa kinaendelea ku-scroll chenyewe.

Dada yangu ni nesi. Akanionya, "Hiyo mionzi itakuvuruga ubongo." Nikamwambia aache ushamba.

Ikafika siku ya kujitambulisha kwa kina Kabula, kule Sapiwi. Huyu mwanamke nampenda jamani, nimemfukuzia miaka miwili. Baba yake mkulima wa pamba, mkali, na kwetu Wasukuma salamu ndiyo inaonyesha ulivyolelewa.

Tumefika saa tatu asubuhi, mimi na mshenga. Nikainama kwa adabu zote:

"Mwadila!"

Kwa msiojua, hiyo ni salamu ya jioni. Asubuhi ni "mwangaluka".

Mzee akatazama jua, akanitazama mimi. "Mshenga, huyu amelewa?"

"Hapana mzee, hajaonja hata tone. Ni simu. Hailali, na yeye halali."

Mzee akanyoosha mkono. "Ilete. Na namba ya siri uitoe. Urudi wiki ijayo ukiwa na akili. Binti yangu simpi mtu asiyejua kama kumekucha."

Nikaiacha, roho inaniuma. Siku mbili za kwanza nilipapasa chini ya mto kama teja. Ya tatu nikalala fofofo.

Sijui ni mionzi, mwanga au ule umbea, wataalamu wa humu mtanisaidia. Ila hata mashati niliyoshona wiki ile, mikono yote ilitoka sawa. (Wateja wangu wa zamani, nisameheni.)

Wiki ikaisha. Saa tatu ile ile, nikaitoa kwa kujiamini: "Mwangaluka!"

Mzee akatoka ndani taratibu, macho mekundu, simu yangu mkononi inapiga ngoma za Kisukuma.

"Mwadila, mkwe wangu."

Nimekubaliwa wakuu! Ila simu hajarudisha, na mama mkwe hanisemeshi, eti nimemharibia mume.

Nilichojifunza: simu ilale mbali na kichwa chako. Na mbali na cha baba mkwe.

Sasa nishaurini, naidaije bila kuvunja uchumba?