Mpira Uliogonga Nguzo

Siku inayonirudia mara nyingi, mwanangu, ni ile Jumamosi ya bonanza la michezo pale Pasiansi, Mwanza, nilipokuwa mwalimu mpya ambaye bado alionea aibu kuitwa mwalimu. Nimeitazama siku hiyo kwa pande zake zote tangu wakati ule, na kila nikiwaona ninyi vijana mnachimbia nguzo kwa ajili ya bonanza la shule, moyo wangu unakwenda kwa watu wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Shija, Msukuma wa Magu, mrefu, mwenye sauti iliyosikika hadi barabarani. Wa pili alikuwa Mwalimu Magesa, Mjita, mtoto wa mvuvi, mfupi, asiyependa maneno mengi.

Hao ndio waliouleta mchezo huu wa mpira wa Kiaustralia katika shule zetu za ukanda wa ziwa. Walikuwa wameufundishwa na kijana mmoja wa Kizungu kutoka Australia, aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu. Yule kijana alipomaliza muda wake aliwaachia mipira miwili na filimbi, akarudi kwao. Watu walicheka. Walisema mpira gani huu wenye umbo la yai, unashikwa kwa mikono na bado unaitwa mpira wa miguu? Shija hakujali. Alizunguka kwa baiskeli kuwaona wakuu wa shule, akaomba lori la kubebea wanafunzi, akatafuta milingoti ya mikaratusi ya kufanyia magoli. Magesa yeye alizishika sheria na filimbi. Shija akiandaa, Magesa anachezesha. Walikuwa wamesoma chuo kimoja, wakalala chumba kimoja, na Shija alioa akiwa amevaa koti la Magesa, ingawa mikono yake ilimwishia juu ya viwiko.

Wewe sheria unazijua, lakini anaweza kusoma haya mtu asiyezijua, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo. Kila upande wa uwanja kuna nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Ukiupiga mpira ukapita safi kati ya zile ndefu, unapata pointi sita. Ukigonga nguzo ndefu, hata kama umepita ndani, unapata moja tu. Ni sheria ndogo, lakini ndiyo iliyowatenganisha wale wawili.

Jumamosi hiyo fainali ya wasichana ilikuwa kati ya shule yetu na shule moja ya Ukerewe, iliyokuja kwa meli tangu Ijumaa. Kabula, binti yake Shija, alikuwa kidato cha tatu na ndiye mchezaji wetu hodari. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, nagawa uji kwa watoto waliokwisha kutolewa. Tulikuwa nyuma kwa pointi chache, muda unakwisha. Kabula akaudaka mpira juu ya vichwa vya wenzake, akarudi nyuma, akapiga. Kutoka nilipokuwa niliuona umepita katikati. Wenzangu wote waliuona umepita. Watoto wetu wakaanza kukimbia wakishangilia.

Magesa, aliyekuwa karibu na nguzo, akainua kidole kimoja.

Zogo likaanza. Nilimwona Shija akiingia kwa hatua ndefu, na kwa kuwa alikuwa na sauti ile yake, hakuna aliyekosa kusikia.

"Magesa, watu wa kisiwani wamekupa nini?"

"Umegonga nguzo," Magesa alijibu.

"Umewabeba ndugu zako. Wamekulisha sato, sasa macho yamefumba."

Elewa uzito wa maneno hayo, mwanangu. Wajita na Wakerewe wanasikilizana lugha na wanaoana. Kwa hiyo Shija hakumwita mwenzake mla rushwa tu. Aliwaambia watoto wa shule zote zilizokuwa pale kwamba refa anatazama kabila kabla ya kutazama mpira. Magesa alipuliza filimbi ya kumaliza mchezo, akaivua shingoni, akaiweka juu ya mpira katikati ya uwanja, akaenda kuchukua baiskeli yake. Wasichana wa Ukerewe walipewa kikombe chao bila mtu kupiga makofi. Walikipokea wakitazama chini kama watu walioiba.

Siku ya pili, baada ya kanisa, Kabula alikuja nyumbani kwangu. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mwalimu, mpira uligonga nguzo," alisema. "Niliusikia. Ulitoa mlio mdogo ukapita ndani."

"Umemwambia baba yako?"

"Nimemwambia asubuhi hii. Amesema nile chakula changu."

Kwa hiyo Shija alijua. Alijua tangu siku ile ya pili, na angeweza kutembea hadi kwa Magesa, maana nyumba zao zilitenganishwa na shamba la mihogo tu. Hakwenda. Wiki ikapita. Magesa aliendelea kufundisha, akapita kwenye varanda za madarasa, na wanafunzi wakorofi wakawa wanamfanyia ishara ya kula samaki akiwageuzia mgongo. Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho, akarudi kwao Majita, kule upande wa Musoma.

Usidhani Shija alikuwa mtu mbaya. Nilifanya naye kazi, namjua. Alikuwa mtu wa kumbeba mgonjwa mgongoni. Lakini alikuwa amezoea kusikilizwa, na mtu aliyezoea hivyo akikosea mbele ya watu, hajui pa kuanzia. Nilipomgusia habari za Magesa aliniambia, "Nitakwenda likizo ya Juni." Juni ilipofika ilikuwa ni msimu wa bonanza. Akasema Desemba. Desemba mvua, na shamba linamsubiri. Mwaka ukafuata mwingine namna hiyo hiyo. Kila bonanza alitafuta refa mpya, na kila refa alikosea sheria, na Shija alikaa pembeni ameshika kidevu. Kabula hakucheza tena. Aliacha tu, wala hakulumbana na baba yake.

Kisha habari ikaja kwamba Magesa ameanguka, amepatwa na kiharusi. Shija alinifuata darasani, chaki zikiwa bado mkononi mwangu. Akaniomba nimsindikize, kwa sababu mke wa Magesa, Mama Nyangeta, alikuwa akiniita mdogo wake tangu tulipokuwa majirani.

Tulipanda basi la Musoma, tukateremka njiani, tukamalizia kwa baiskeli za kukodi. Shija alikuwa amevaa shati jeupe. Njia nzima alikuwa akitikisa midomo, na nilijua anapanga maneno.

Tulimkuta Mama Nyangeta anageuza dagaa kwenye mwamba. Aliponiona alinikumbatia. Alipomwona Shija alisita, halafu akasema, "Karibuni. Yupo kibarazani. Ila msishangae, kuna siku anatufahamu na kuna siku hatufahamu."

Magesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, blanketi miguuni, mkono mmoja umelala kama si wake. Alikuwa amekonda. Alitutazama kwa adabu kubwa, kama mtu anavyowatazama wageni walioletwa na jirani.

"Karibuni sana," alisema, ulimi ukimwia mzito. "Mmetoka mbali?"

"Mwanza," Shija alijibu.

"Mwanza nimeishi. Watu wazuri."

Shija akapiga magoti. Mtu mrefu vile, akapiga magoti kwenye vumbi la kibaraza, akasema maneno yote aliyoyapanga. Kwamba mpira uligonga nguzo. Kwamba alijua. Kwamba alimtukana mbele ya watoto na hakuwa na haki. Kwamba anaomba radhi. Magesa alisikiliza hadi mwisho, kisha akaunyoosha ule mkono wake mzima, akamgusa bega.

"Inuka, ndugu yangu," alisema. "Wewe hujanikosea. Mimi hata sikujui. Aliyenikosea ni rafiki yangu mmoja anaitwa Shija. Huko Mwanza unamfahamu?"

Ilibidi nijibu mimi. Nikasema, "Tunamfahamu, Mwalimu."

"Basi mwambieni aje. Mwambieni sina kinyongo. Nimemsubiri."

Mama Nyangeta aliondoka kibarazani akaenda kusimama kwenye dagaa wake. Mimi nilitazama ziwa, sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Shija bado alikuwa amepiga magoti. Mwishowe alisema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake kabla wala baadaye, "Nitamwambia."

Baada ya hapo alikwenda Majita kila alipopata nafasi. Akipeleka sukari, akimsaidia Mama Nyangeta kupasua kuni, akimkalisha Magesa juani. Kila mara alitaja jina lake. Kila mara alitumaini. Na Magesa, aliyekuwa akimsahau mgeni lakini hamsahau rafiki, alimuuliza, "Umemwambia Shija?" Naye Shija akajifunza kujibu, "Nimemwambia. Yuko njiani."

Magesa alifariki wakati wa mvua za vuli. Shija alichimba kaburi pamoja na vijana, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya jembe.

Bonanza lililofuata, kabla ya fainali, Shija alisimama mbele ya shule zote. Alikuwa amemwalika Mama Nyangeta na kumketisha mbele. Alisema wazi, pasipo kujitetea, kwamba hapo hapo alimsingizia refa mwaminifu, kwamba mpira uligonga nguzo, na kwamba alilijua hilo kwa muda wote. Watoto walimsikiliza kwa heshima. Lakini nilipowatazama nyuso niliona hawamjui anayezungumziwa. Wale waliosikia tusi lile walikuwa wamekwisha kumaliza shule. Wengine wako kwenye makambi ya dagaa, wengine migodini, wengine wameolewa mbali. Huenda yuko mtu mzima leo, mahali fulani, anawasimulia wanawe juu ya refa aliyelishwa sato.

Mama Nyangeta alimshika Shija mkono. Hakumgombeza. Alisema kwa upole, "Asante, shemeji. Ila ungeyasema alipokuwa hai, ungewaambia waliomjua. Hawa umewaambia habari ya mtu tu."

Shija aliitikia kwa kichwa. Aliendelea kuandaa mabonanza hadi alipostaafu, akayaandaa vizuri kuliko zamani, lakini sauti yake ile ya barabarani ilikuwa imekwisha. Naye amekwisha kutangulia sasa. Kabula ni muuguzi, na ndiye aliyemfumba macho.

Kwa hiyo, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Utaandaa michezo na utashika madaraka, na iko siku hasira itakutoa neno ambalo hukulipima. Hilo linampata kila mtu, na silo ninalokuonya. Ninakuonya juu ya asubuhi inayofuata. Ukishajua kwamba ulimwonea mwenzako, nenda siku hiyo hiyo, hata kama maneno hujayapanga, hata kama utafika pale ukiwa na kigugumizi. Usisubiri likizo wala usisubiri moyo upoe, kwa maana kuomba radhi si kazi ya anayeomba peke yake, kunahitaji na mtu wa kupokea akiwa na akili yake na kumbukumbu yake. Na kama ulimvunjia heshima mbele ya watu, irudishe mbele ya watu hao hao, kabla hawajatawanyika nalo jina lake baya midomoni. Na siku wewe ndiwe uliyekosewa, ukimwona mwenzako anazungukazunguka nje ya mlango wako, mfungulie. Huenda hana anachotafuta ila mtu wa kumwambia aingie.

Mungu akupe marafiki wanaodumu, na akupe miguu myepesi ya kuwaendea. Usije ukabisha hodi kwa mtu uliyempenda akakupokea kama mgeni. Watoto unaowaongoza wakukumbuke kwa haki, na siku utakapoitwa, wawepo kitandani pako watu ambao huna deni la neno kwao. Amina.