Jezi Iliyokanyagwa

Chumba cha kufulia cha timu ya taifa kilikuwa na mashine moja, kamba nne, dirisha lisilofungika vizuri, na mwanamke aliyeitwa Mama Jezi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye karatasi za mshahara tu. Wachezaji wote walimwita hivyo, na hata bintiye alimwita hivyo akitaka kumtania.

Kazi hiyo aliianza mwaka aliofiwa na mumewe. Jirani yake alikuwa kocha wa timu ya mtaa, na kila akipita uani aliona nguo za mama huyu zinavyong'aa kwenye kamba. Siku moja akamletea gunia la jezi. Kutoka timu ya mtaa akachukuliwa na timu ya ligi, na kutoka huko akaitwa kambini. Sasa alikuwa na miaka kumi na moja hapo, na makocha watano walikuwa wamepita mbele ya macho yake. Waliingia na masanduku makubwa, wakatoka na masanduku yale yale.

Mpira wenyewe hakuutazama sana. Aliusoma kwenye nguo. Jezi ya kipa ilichakaa viwikoni. Ya beki wa kulia ilikuwa na majani kwenye nyonga, kila mechi, mahali pale pale. Na kulikuwa na mshambuliaji mmoja ambaye jezi yake ilirudi safi kama ilivyotoka kabatini. Mama Jezi akiishika hiyo alikuwa akisema peke yake, "Huyu naye jana alikuwa mgeni rasmi."

Kocha wa sita alipokuja, alifanya jambo ambalo watano wa kwanza hawakulifanya. Alipiga hodi. Akasimama mlangoni na suti yake ya mazoezi mkononi, akauliza, "Mama, sabuni inakutosha?"

Mama Jezi hakuwahi kuulizwa swali hilo; akamwonyesha kipande kilichobaki. Wiki iliyofuata sabuni ikaja maboksi mawili. Alipoanza kuvimba goti, kocha huyo huyo ndiye aliyemshika mkono mpaka kwa daktari wa timu, akamwambia daktari, "Huyu naye ni mchezaji wetu, mtibu." Tangu siku hiyo Mama Jezi alikuwa akimtaja kwenye sala zake, baada ya bintiye na kabla ya shemeji yake.

Basi ikaja mechi ile ya mvua. Timu ilifungwa tatu bila, nyumbani, mbele ya watu waliolowa mpaka nguo za ndani. Kesho yake asubuhi mashine ya kufulia ikazimika, ikatoa moshi kidogo, ikafa. Jezi zilikuwa sakafuni zimejaa tope, mechi nyingine ilikuwa baada ya siku sita, na goti la Mama Jezi lilikuwa limevimba kama embe.

Jezi yenye tope haitiwi kwenye sabuni moja kwa moja. Ukifanya hivyo, tope linaingia ndani ya uzi na doa halitoki tena. Kwanza unailaza kwenye sakafu ya saruji yenye mteremko, unaimwagia maji, halafu unaikanyaga kwa miguu mitupu. Unakanyaga mpaka maji yatoke meupe, ndipo unaleta sabuni. Mama yake alimfundisha hivyo, na ndivyo alivyofanya miaka yote, hata mashine ilipokuwa nzima. Siku hiyo alijaribu kukanyaga, goti likakataa. Akajaribu tena, machozi yakamtoka.

"Hodi," kocha akasema mlangoni. Alikuwa amewakimbia waandishi wa habari.

"Karibu, Kocha. Ila leo usinitazame."

Kocha aliangalia jezi, akaangalia goti, akaangalia mashine. Alivua viatu, akavua soksi, akakunja suruali mpaka magotini. Akachukua ndoo, akaigeuza, akaipangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa, Mama. Mimi mama yangu alikuwa anafulia watu. Nimekanyaga mablanketi ya mtaa mzima nikiwa mdogo."

Akaanza. Lakini alikanyaga kwa woga, kama mtu anayepita juu ya mayai. Mama Jezi, pale juu ya ndoo, akaanza kucheka.

"Kanyaga, Kocha! Kanyaga kwa nguvu, usiionee huruma!"

Kocha naye akacheka, akaongeza mwendo, maji ya tope yakaruka mpaka ukutani. Ndipo Mama Jezi akatoa simu mfukoni. Alikuwa na furaha, na miaka kumi na moja hakuwahi kukaa chini mtu mwingine akifanya kazi yake. Akachukua video fupi, huku akirudia kwa sauti maneno yale yale. Kwa kuwa alikuwa amekaa chini kwenye ndoo, simu ilianza na miguu, ikaonyesha nembo ya taifa chini ya kisigino, halafu ikapanda mpaka kwenye uso wa kocha unaocheka. Ndoo za maji hazikuonekana, wala kamba, wala ile mashine iliyokufa. Akaituma kwenye kikundi cha familia na kuandika, "Tazameni msaidizi wangu wa leo."

Shemeji yake alikuwa fundi viatu na mtu wa mpira wa kufa na kupona. Aliituma kwa mteja mmoja tu. Yale maneno ya chini hayakwenda nayo.

Kesho yake saa sita mchana nchi nzima ilikuwa imeiona. Kwenye redio walisema kocha amekanyaga nembo ya taifa huku akicheka, siku moja baada ya kipigo. Watu walipiga simu studio. Mmoja akasema, "Tatu bila nimevumilia, lakini jezi? Aondoke leo." Mwingine akasema aondoke kwa sababu ya mabao, hiyo ya jezi ni kisingizio tu. Wa tatu akauliza swali ambalo liliwasha moto kuliko yote: yule mwanamke anayesikika akimchochea ni nani? Kufikia jioni huyo mwanamke alikuwa ameshapewa umri, gari na nyumba ya ghorofa.

Mama Jezi alisikiliza hayo akiwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama.

"Nilikuwa nafua," kocha aliwaambia waandishi.

Wakacheka. "Na nani?"

Kocha akanyamaza. Chama cha soka kikatangaza kwamba kamati itakaa baada ya siku tatu, na asipotoa maelezo ya maana, afunge virago.

Mama Jezi alijua kwa nini amenyamaza. Simu ilikuwa marufuku kambini, na kila mfanyakazi alikuwa ameweka sahihi. Mwaka uliotangulia mpishi alifukuzwa kwa picha ya sahani tu. Kocha akimtaja, yeye ndiye angefunga virago, na bintiye alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi.

Shemeji alifika kwake siku hiyo hiyo, viatu vya watu bado mkononi.

"Shemeji! Kumbe kidosho wa kocha ni wewe! Na hilo gari lenyewe liko wapi, tupande?"

Mama Jezi na bintiye hawakucheka. Alipoona hivyo akakaa chini, akaanza kukwangua soli kwa kucha.

"Nisamehe, shemeji. Nilimtumia mtu mmoja tu. Na mimi mwenyewe nilikuwa nasema aondoke, ujue. Tangu ile sare ya mwezi uliopita nasema aondoke."

"Kwa sababu ya jezi?"

"Hapana. Kwa sababu anamchezesha yule mshambuliaji wake."

"Mgeni rasmi," Mama Jezi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Bintiye alimwambia anyamaze. "Mama, wiki ijayo watu watakuwa na habari nyingine. Usijipeleke mwenyewe."

Mama Jezi akarudi kwenye vitunguu vyake. Alikuwa anawaza kwamba kuna mtu mmoja tu aliyepiga hodi kwenye chumba chake kwa miaka kumi na moja, na mtu huyo alikuwa anatukanwa redioni kwa sababu yake.

Siku ya kikao alivaa gauni lake la kanisani, akajitanda kanga, akachukua mfuko wa plastiki, akaenda ofisi za chama. Kocha alikuwa kwenye benchi la korido, peke yake, mikono katikati ya magoti. Alipomwona akasimama haraka.

"Mama, rudi kazini. Mimi wakinifukuza hapa nitapata timu nyingine. Wewe utapata taifa jingine la kulifulia?"

Mama Jezi alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Nimekushukuru vya kutosha moyoni, Kocha. Leo acha nikushukuru kwa mdomo." Akasukuma mlango bila kusubiri kuitwa.

Ndani walikuwa watu saba kwenye meza ndefu, na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani.

"Wewe mama ni nani, na nani amekuruhusu?"

"Mimi ndiye ile sauti, Mwenyekiti."

Katibu, aliyekuwa anaandika, akainua kalamu. "Yule mwanamke wa kwenye video?"

"Ndiye huyo."

"Hebu sema yale maneno."

Mama Jezi aliona aibu. Akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ile ile, "Kanyaga, Kocha! Kanyaga kwa nguvu, usiionee huruma!" Mjumbe mmoja akakohoa kuficha kicheko. Sauti ilikuwa yenyewe.

Akafungua mfuko, akatoa jezi mbili, akazilaza mezani. Moja ilikuwa na doa la kahawia lililopita juu ya nembo. Nyingine ilikuwa inang'aa.

"Hii yenye doa niliitia kwenye sabuni bila kuikanyaga. Niliiheshimu. Hii safi ndiyo iliyokanyagwa na Kocha. Ndiyo ile ile ya kwenye video, namba nne. Goti langu lilikuwa limekataa, mashine imekufa, akavua viatu akanisaidia. Video nilichukua mimi, kwa simu yangu, na najua sheria ya simu."

Mwenyekiti alizishika zote mbili. Akaipeleka ile safi dirishani, akaigeuza ndani nje, akatafuta tope kwenye mishono, hakuliona.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "timu ya taifa inavaa jezi zilizokanyagwa?"

"Miaka kumi na moja, Mwenyekiti. Hata ile uliyovaa wewe siku ya kupiga picha na timu."

Hapo hata katibu akaweka kalamu chini. Walicheka wote, na mwenyekiti mwenyewe akavua miwani, akaipangusa kwa jezi namba nne, halafu akashtuka akairudisha mezani taratibu.

Kicheko kilipoisha Mama Jezi akasema lililobaki. "Mabao matatu ni yenu, mimi mpira siujui. Mkimfukuza kwa mabao sitasema kitu. Lakini kwa jezi hii mtakuwa mmemfukuza kwa sababu aliniona naumwa, hakupita."

Alitolewa nje. Alikaa kwenye benchi pamoja na kocha. Kocha alikuwa anatingisha mguu mmoja. Saa nzima ikapita.

Uamuzi ulisomwa na katibu. Kocha hana kosa lolote kuhusu jezi. Kuhusu matokeo, ataangaliwa katika mechi mbili zijazo. Mfanyakazi wa kufulia amevunja sheria ya simu: onyo la maandishi, na wiki mbili nje ya kambi.

"Nje wiki mbili, halafu?" Mama Jezi akauliza.

"Halafu unarudi, Mama."

Akamshika katibu mikono yote miwili, akamshukuru mpaka katibu akaona haya.

Wiki hizo mbili alilala, akakanda goti kwa maji ya moto, akasikiliza redio. Watu bado waligombana kuhusu kocha, ila sasa waligombana kuhusu mpira. Mechi ya kwanza akashinda, ya pili akatoka sare, na chama kikamwacha aendelee. Shemeji alisema bado hajaridhika. Lakini alishona kiatu cha shemeji yake cha kushoto kilichoachama, akakataa malipo, na video akaifuta mbele ya binti wa Mama Jezi ili aonekane.

Siku ya kurudi, Mama Jezi alifungua mlango wa chumba chake akasimama. Mashine bado ilikuwa imekufa. Lakini kamba zote nne zilikuwa zimejaa jezi. Zilikuwa zimebanwa kwa kola, jambo ambalo hakuna mfuaji anayelifanya, na nyingine zimeanikwa kwa mkono mmoja kama zinaomba ruhusa. Kwenye sakafu kulikuwa na alama za miguu mikubwa ya kila aina. Mtunza vifaa akamwambia kwamba wachezaji walifua wenyewe, kwa zamu, kocha akiwasimamia. Hata mgeni rasmi alikanyaga.

Mama Jezi alipita kamba kwa kamba. Akaishika jezi ya mshambuliaji yule. Kwenye kiwiko kulikuwa na alama ya majani, ndogo, ya kijani. Haikutoka vizuri. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko zote.

"Hodi," kocha akasema mlangoni. "Tumekosea wapi, Mama?"

Akabana kola ya jezi kwa vidole viwili. Ilikuwa ngumu kama karatasi.

"Sabuni haijatoka. Zote zinarudi kwenye maji."

"Zote?"

"Zote, Kocha."

Kocha akashusha pumzi, akaegemea ukuta, akaanza kuvua viatu. Kisha akasita. "Simu iko wapi?"

"Iko nyumbani," Mama Jezi akasema, akageuza ndoo yake, akakaa. "Anza na namba nne. Na safari hii usikanyage kama mgeni."