Sauti ya Bukavu

Wifi yangu Kadidja ni mwanamke wa wivu, na sisemi hivi kwa kumsengenya, maana hata yeye akiulizwa anakubali. Alizaliwa Murara, hapa hapa Goma, babu zake walitoka Kasongo pamoja na babu zetu, na tangu tukiwa wasichana wa madrasa hakuwa mtu wa kugawa kitu chake. Kalamu yake ilikuwa yake, na rafiki yake alikuwa wake. Alipoolewa na kaka yangu Alimasi, nilijua kaka yangu ameshaingia miongoni mwa vitu visivyoazimwa.

Anauza vitenge sokoni Birere, na kwa biashara nampa heshima yake. Mteja akiomba apunguziwe bei, Kadidja anacheka naye. Mteja akiuliza habari za bwana yake, kicheko kinaisha hapo hapo. Kwenye ndoa ya binamu yetu, bibi mmoja alisema kanzu ya Alimasi imemkaa vizuri, naye Kadidja akamuuliza kama ya bwana yake mwenyewe ilimkaa vibaya. Karibu na nyumba yao kule Katoyi kulikuwa na msichana anayeuza vocha za simu. Alimasi akaamriwa aanze kununua kwa muzee Habarurema, aliye mbali zaidi na asiyeona vizuri. Akanunua kwa muzee Habarurema. Kaka yangu ni mtu wa amani, na sisi ndugu zake tulimcheka mpaka tukachoka.

Sasa mtu huyu wa amani ni fundi wa mitandao. Hapa mjini kuna kliniki, hoteli na maghala yenye simu nyingi ndani, na yeye ndiye anayeziunganisha na kampuni ya simu. Hazipiti kila moja na waya wake. Zote zinapita kwenye waya mmoja, unaochomekwa katika kadi ndogo ndani ya mashine inayoitwa ruta, na kadi hiyo peke yake inabeba mazungumzo thelathini kwa pamoja. Kuichomeka hata mimi ningeweza. Kazi ni kuipanga: kuiambia ruta kadi ni ya aina gani, sauti zinafungwa mafungu namna gani, na saa inayopiga mapigo ya waya inatoka upande upi. Upande mmoja utoe saa, mwingine ufuate. Zikitoa zote mbili, taa inaweza kuwaka kijani kibichi na bado watu wakasikia mikwaruzo tu mpaka simu ikatike.

Ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Fundi aliye kwa mteja lazima awe na mwenziwe aliyekaa kwenye mitambo ya kampuni, wakishikilia simu, wakipatana jambo moja baada ya jingine. Huyo mwenzi wa Alimasi alikuwa Bukavu, na alikuwa mwanamke, jina lake Annonciata.

Hawakuwahi kuonana. Kwa desturi ya mafundi hawa, hawaitani hata kwa majina. Wanaitana kwa miji yao. Yeye alikuwa Bukavu, kaka yangu alikuwa Goma. Bukavu, umeweka? Nimeweka, Goma, unaona nini? Wangeishia hapo, labda Kadidja angevumilia. Lakini ruta ikishapangwa huzimwa na kuwashwa upya, na kuwaka kwake kunachukua muda, na katika muda huo hawa wawili hawakuwa wakikata simu. Walizungumza. Mvua ya Bukavu, bei ya samaki wa makayabu, mtoto aliyekataa shule. Kusubiri huko ndiko kulikomuua wifi yangu.

Jumapili moja Alimasi alifanyia kazi nyumbani, na Kadidja akasimama nyuma ya pazia akisikiliza. Hakusikia neno baya hata moja. Alisikia kicheko. Alikuja kwangu siku ile ile akiwa na macho mekundu, akaniambia kaka yangu ana kicheko kingine.

"Miye nimezaa naye batoto," alisema. "Ile kicheko sijaisikia hata siku moya. Anaiweka kwa ajili ya ule mwanamuke."

Nilimjibu kwamba mtu ana haki ya kuchangamkia kazi yake, na kwamba sasa ameanza kuuonea wivu waya. Akaniambia mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mwenye masikio amesikia. Nikacheka. Mimi ni dada wa bwana, upande wangu ulikuwa unajulikana, na nilipenda sana kuwa sahihi.

Tangu hapo nyumba yao haikukalika. Simu ikilia, Kadidja anauliza ni mji gani. Alimasi akichelewa, anaulizwa kama ziwa la kwenda Bukavu lilikuwa shwari. Chakula kilipikwa, lakini kiliwekwa mezani kwa namna ambayo mtu hawezi kukila. Mwisho kaka yangu alichoka, akasema yuko tayari kuapa juu ya msahafu kwamba hana kitu na mwanamke yule. Kadidja akasema hicho sicho kiapo anachokitaka. Anataka aape kwamba hatasema naye tena.

Mimi niliitwa niwe shahidi. Alimasi alitia udhu, akaweka mkono, na Kadidja akamtamkia maneno moja moja ayafuate: hatasema na Annonciata kwa mdomo, hatamwandikia, hatamtumia sauti yake. Jaji asingefunga mlango vizuri zaidi. Kuhusu kazi hakikutajwa kitu. Alimasi nadhani aliona waya zote za wateja wake ziko salama na hatamhitaji Annonciata karibuni, na Kadidja siku ile hakuwa mtu wa kuona mbali. Walikula pamoja jioni ile, na wifi yangu aliimba akiosha sahani.

Kisha mvua zikaanza. Radi ikapiga kliniki moja iliyokuwa mteja mkubwa wa Alimasi, ikaunguza kadi. Alichomeka mpya, akaipanga kama ilivyokuwa ile ya zamani, na taa ikabaki nyekundu. Kule Bukavu kampuni ilikuwa imebadilisha mitambo, na mpango wa zamani haukuelewana tena na mpya. Alipiga simu akaomba fundi mwingine. Bwana mmoja akamwambia asubiri, akapotea. Alipopatikana tena akasema waya za Goma ziko mikononi mwa mama Annonciata, amuulize yeye. Alimasi akaanza kubahatisha. Alibahatisha mpaka taa ikawa kijani, lakini simu zilikwaruza na kukatika. Muuguzi mmoja alikuwa akiomba damu kwa simu, ikakatika kabla hajataja ni ya kundi gani. Mkurugenzi wa kliniki akasema ikifika jioni bila simu, ataita fundi mwingine na mkataba utakwenda naye.

Alimasi alikuja Birere mchana, akatukuta kwenye meza ya vitenge. Alimweleza mkewe mambo yote bila kupandisha sauti, akamwomba amfungulie kiapo kwa siku hii tu. Nami nikaingilia kati, nikasema kiapo kina kafara yake, atoe kafara aseme na mtu wake, kliniki ipone na sisi tupumue. Kadidja alikunja kitenge alichokuwa amemwonyesha mteja, akakiweka juu ya vingine.

"Kiapo hakifunguliwe," alisema. "Weye umekatazwa kusema naye, miye sikukatazwa. Twende. Nitasema naye miye."

Tulipanda pikipiki tukaenda, lakini kwanza alipita nyumbani. Alitoka amevaa kitenge kipya, na amejipaka wanja. Nilimuuliza kama simu inaonyesha macho. Akapanda pikipiki.

Chumba cha mitambo cha kliniki kilikuwa zamani stoo ya magodoro. Kina joto, hakina dirisha, na tulikaa watatu kama tuliofungiwa: Alimasi sakafuni na kompyuta mapajani, mimi mlangoni, na Kadidja juu ya kiti cha plastiki, simu imebanwa kwenye sikio lake. Alimasi alitaka ifunguliwe spika ili asikie mwenyewe. Kadidja alikataa.

Annonciata alipoitika, wifi yangu alisema yeye ni bibi ya Alimasi, na kwamba leo Goma itasema kupitia kwake. Kisha akasikiliza, na uso wake ukakazika. Baadaye aliniambia kilichomchoma. Yule mwanamke hakuuliza kwa nini. Alisema tu, haya mama, tuanze. Asiye na lake, aliniambia Kadidja, angeuliza.

Wakaanza. Bukavu ilisema Goma iondoe saa yake, saa itoke Bukavu. Kadidja akasema. Alimasi akaandika. Bukavu ilisema katika mitambo mipya ile hesabu ya kuhakiki mafungu imezimwa, basi na Goma izime. Kadidja akasema. Alimasi akaandika. Bukavu ikasema inaugeuza waya kwake, ili anachotuma Goma kirudi Goma, apime kama kinarudi kizima. Maneno haya hayana maana yoyote kwa muuza vitenge, lakini aliyabeba bila kuyamwaga, na nilianza kumwonea fahari.

Ndipo akaona kitu ambacho mimi sikukiona. Alikuwa katikati ya sentensi, na vidole vya Alimasi vilikuwa vimeshamaliza. Safari iliyofuata alivuta maneno makusudi, akasema polepole kama anayesomea mtoto. Vidole vikamtangulia tena. Kule Bukavu nako, kila alipofungua mdomo kupeleka jibu la Alimasi, Annonciata alikuwa ameshasema sawa.

"Namna gani unajua mbele nikuambie?" Kadidja alimuuliza.

Alimasi alisema ni mazoea ya kazi tu. Sikumsikia akidanganya. Lakini Kadidja alikuwa amekaa katikati ya watu wawili ambao hawakumhitaji hata kwa kupitisha neno, na alilijua hilo kwa mwili wake mzima. Jasho lilikuwa limeanza kumshusha wanja.

Ruta ikazimwa, iwake upya. Ule muda wa kusubiri ukafika, na Kadidja hakukata simu. Nadhani alitaka kujua wanaume huambiwa nini katika muda huo. Akasikiliza, akajibu kwa ufupi kwamba amepona, asante. Aliziba simu kwa kiganja akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ananiuliza homa ya Djibril. Anajua mutoto wangu jina."

Nilisema labda ni adabu.

Taa ikawaka kijani. Alimasi akainua simu ya mezani, akampigia muuguzi wa chini, na sauti ikaja safi. Wakajaribu nyingine, na nyingine, zote pamoja, na hakuna iliyokwaruza. Alimasi akaegemeza kichwa ukutani. Kadidja bado alikuwa na simu sikioni, na hapo nilimwona akibadilika. Mabega yalishuka. Akatabasamu, akasema asante sana mama, Mungu awatangulie njiani, nitamwambia. Akakata. Alisimama kama mtu aliyetolewa mwiba, na akampa bwana yake habari ile kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

"Anakusalimia. Anasema leo ni siku yake ya mwisho pale. Bwana yake amepata kazi Kalemie, banahama." Akanigeukia na mimi. "Kumbe ameolewa, wifi. Iko na bwana yake."

Aliendelea kucheka kidogo, halafu akamtazama Alimasi, na kicheko kikamfia mdomoni. Na mimi nikatazama. Nimemjua kaka yangu tangu ananibeba mgongoni. Nilimwona siku tulipomzika baba, na siku lava ya volkano ilipokula nyumba yetu ya kwanza. Uso ule sikuwa nimeuona. Alikuwa ameketi sakafuni, mikono imesimama juu ya kompyuta, akitazama taa ya kijani kana kwamba ndiyo iliyoleta habari mbaya.

"Mupigie tena," alisema.

"Kazi imeisha," Kadidja akajibu.

"Ninajua. Mupigie."

Muuguzi alikuwa anaongea kwenye simu ya mezani, anauliza kama sasa wanaweza kutumia zote, na hapakuwa na wa kumjibu. Kisha Alimasi akanyoosha mkono kuomba simu. Kwa ajili ya mkataba hakuvunja kiapo. Kwa ajili ya ile damu hakukivunja. Sasa alikuwa tayari kukivunja kwa ajili ya kusema kwaheri, na alikuwa akimwomba mkewe mwenyewe ampe cha kukivunjia.

"Mama Djibril," alisema. "Tafazali."

Kadidja alimtazama. Nilingoja kelele, maana kelele zake nazijua, na nadhani hata Alimasi alizingoja. Yeye aliipangusa simu jasho kwa pembe ya kitenge chake kipya, akaiweka katika mkono ule, akapita mbele yangu akatoka. Hakuufunga mlango.

Nilibaki nimesimama pale, dada wa bwana, niliyemwambia mwenzangu anauonea wivu waya. Kaka yangu alishapiga. Aligeukia ukuta, akasema, "Bukavu, ni miye," na sauti aliyoisema nayo, wallahi, hata mimi sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu. Nilishuka ngazi haraka, nikamkuta Kadidja ameshafika langoni, nikamshika mkono tukaenda pamoja.