Aliugua kwa Muda Mfupi

Mdogo wangu ana duka la mbegu, mbolea na dawa za mifugo pale Khayega, na mwaka jana alitundika ukutani karatasi ambayo, kwa maoni yake, ilimkinga na saratani. Kwanza aliipeleka kwa watu wa fotokopi wakaitia plastiki, maana kwetu karatasi isiyotiwa plastiki haijawa ya kweli. Kisha akaigongomea msumari kati ya kibali cha kaunti na kalenda ya mbegu. Mteja akija kutafuta dawa ya kupe, anaonyeshwa kwanza. "Soma hapo. Utumbo yangu imepimwa mpaka ng'ambo. Hatari iko chini."

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari miaka thelathini na mbili. Nimesahihisha insha za kila aina ya upuuzi, nyingine zimeandikwa na watoto wa walimu wenzangu. Hakuna karatasi iliyowahi kunichosha kama ile.

Tulizaliwa watatu. Mimi ndiye wa kwanza, huyu wa duka ndiye kitinda mimba, na wa katikati tulimzika Aprili ya mwaka huo huo, saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka arobaini na sita. Binti yake ni muuguzi ng'ambo. Alikuja akamzika baba yake, akarudi kazini, na hakutulia tena. Miezi michache baadaye ukaja mzigo: visanduku viwili, kimoja changu, kimoja cha baba yake mdogo, ndani yake vichupa vya kutemea mate. Mate yangesafirishwa, yangesomwa huko, nasi tungeambiwa nani ana hatari kiasi gani ya kupata ugonjwa uliomuua baba yake. Aliandika ujumbe mrefu akisisitiza kwamba hiki ni kipimo cha kuanzia tu, na kwamba liwe liwalo lazima twende hospitali. "Senge, tafadhali hakikisha ameelewa," aliniambia. Senge ni shangazi kwa lugha yetu. Mdogo wangu alisoma mstari wa kwanza wa ule ujumbe akaona umetosha.

Tulitemea mate sebuleni kwangu, Kakamega mjini. Maagizo yalisema mtu asile chochote nusu saa kabla. Mwenzangu akaingia anatafuna hindi la kuchoma. Nikamweka kwenye kiti kama mwanafunzi aliyechelewa, tukangoja nusu saa, na katika nusu saa hiyo tukajaza fomu kwenye simu. Fomu iliuliza asili yetu. Ulaya ilikuwa imekatwa vipande vipande, kaskazini kwake, kusini kwake, mashariki kwake. Sisi tulipewa kijisanduku kimoja, Mwafrika, tuingie humo mimi, Mturkana, Mnigeria na mtu wa Kongo, tubanane. Nilikasirika hapo hapo, lakini sikujua bado kwamba kile kijisanduku ndicho kiini cha mambo. Nilidhani ni dharau ya kawaida.

Swali lililofuata liliuliza kama mzazi au ndugu yeyote amewahi kuugua saratani ya utumbo. Kabla sijatua kikombe cha chai, alikuwa ameshabonyeza Hapana.

"Baba je?" nikamuuliza.

"Baba alikuwanga na bawasili."

"Na senge wetu, dada yake baba?"

"Huyo alirogwa na mke mwenza. Kila mtu anajua."

"Na ndugu yako tuliyemzika juzi?"

Alisogeza simu mbali nami. "Huyo alipewa kitu na watu wa kiwanda, pale alikuwa anafanya kazi, juu ya ile cheo walimpandisha. Saratani ilikuja tu mwisho, ikapata mwili imechoka."

Nilimnyang'anya simu nikarekebisha. Baadaye niligundua kwamba nilipomrudishia simu alibonyeza Hapana tena. Ndiyo mtu ninayemzungumzia.

Majibu yalikuja Novemba. Mimi nilikuwa wa wastani. Yeye alikuwa chini ya wastani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia neno. Nilipomkumbusha habari ya hospitali na kamera, ile kamera nyembamba inayopitishwa nyuma ili daktari auone utumbo wote, alicheka. "Mwalimu, mimi ni mwanaume. Mtu hawezi niingiza waya huko na karatasi inasema niko sawa." Nilimkumbusha kwamba siku ya kutahiriwa alisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, ukoo mzima ukitazama. Akasema kisu kilikuja kwa mbele.

Nilichukua nakala ya karatasi yake na yangu nikaenda nazo kwa daktari mmoja mjini, msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, mwenye subira ambayo mimi sina. Akanieleza polepole. Alama ile, alisema, inajumlisha tofauti ndogo ndogo nyingi zilizo katika chembe za urithi, kila moja ikiongeza au kupunguza hatari kidogo. Lakini waliozijua tofauti hizo na kuzipa uzito wamewachunguza zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Zikiletwa kwetu zinapungua makali: nyingine hazina maana hapa, na nyingine zilizo muhimu kwetu hazijatafutwa. "Kwa hiyo hii chini ya wastani, Mwalimu, hatujui ni chini ya wastani wa nani." Kisha akaongeza jambo la pili. Hata ingekuwa sahihi, alama ya namna hiyo haitazami ile hitilafu moja kubwa inayoweza kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Hiyo ina kipimo chake, na dalili yake ya kwanza si mate, ni historia ya familia. Akaniuliza nani wamekufa, kwa nini, na wakiwa na umri gani. Nikamwambia watatu: baba yangu, dada yake, na mwana wa baba yangu, na hakuna aliyefika hamsini na mbili.

"Kuna maandishi yoyote?" akauliza. "Barua ya hospitali, cheti, chochote."

Barua za baba ziliungua na jiko la mama miaka mingi iliyopita. Kilichobaki katika ukoo wetu, kama katika koo nyingi za huku, ni programu za mazishi. Hizo hazitupwi. Nilirudi nyumbani, nikashusha sanduku la bati, nikazitoa tatu. Picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada, nyimbo, kisha historia ya marehemu. Ya baba: alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ya senge: alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ya ndugu yangu: aliugua kwa muda mfupi, akiyavumilia yote kwa imani.

Zote tatu nimeziandika mimi. Mwalimu wa Kiswahili wa ukoo ni nani mwingine?

Baba alitokwa na damu chooni miaka miwili. Nilikuwa mwalimu mpya wakati huo, nimetoka chuoni, nikiandika historia yake juu ya meza ya mama huku mahema yakifungwa nje. Niliandika mwanzoni kwamba aliugua tumbo la chini kwa muda mrefu. Mama akasoma juu ya bega langu. "Wakwe watakaa pale mbele," akasema. "Utawasomea mambo ya choo?" Na asiyejua kwetu ajue hivi: mbele ya mkwe mtu hataji choo. Mama mkwe hapiti karibu na choo wakati mkwewe anaona. Mtu anaweza kusema marehemu alikuwa na moyo, presha, sukari, hata alipigwa na radi, lakini kilichomuua kikiwa chini ya kitovu, anaugua kwa muda mfupi. Nilikata mstari. Nilipofika kwa senge sikuhitaji kuambiwa. Nilipofika kwa ndugu yangu, ambaye alificha suruali zake kwa mkewe miezi minane kabla ya kumwambia mtu, niliandika muda mfupi bila hata kusimamisha kalamu, nikajisifu kwa kuongeza neno imani.

Niliwakasirikia watu wa ng'ambo kwamba hawatujui. Watatujuaje? Mimi mwenyewe niliyewazika watu wangu nimewaandika uongo, kwa sarufi safi.

Nilichunguzwa mimi kwanza. Siku nzima nilikunywa ile dawa ya kusafisha tumbo, nikazoeana na choo changu kuliko nilivyozoeana na mtu yeyote mwaka ule, na kesho yake nikalala ubavu nikaingizwa kamera. Walikuta kinyama kimoja kidogo wakakiondoa. Daktari alisema ningekiacha kingeweza kukua kikawa ndugu yangu. Hakusema hivyo hasa, lakini ndivyo nilivyosikia.

Nikaenda Khayega na habari hiyo. Mdogo wangu alikuwa anampimia mtu mbolea. Nilingoja mteja aondoke nikamweleza yote, mpaka ya kinyama. Nikamwambia kwa lugha yake: mtu wa Matungu akija kununua mahindi ya kupanda, wewe humpi mbegu iliyojaribiwa Lugari, unamwambia itamtia hasara, udongo si ule na mvua si ile. Sasa mbona umepokea hesabu iliyojaribiwa kwa watu wengine ukaipanda mwilini mwako?

"Mbegu ni mbegu, Mwalimu. Mimi ni mtu."

"Baba alikufa na nini?"

Akainama chini ya kaunta akitafuta kitu ambacho hakikuwapo. Alipoinuka hakuwa akicheka. "Programu inasema muda mfupi. Si wewe uliandikanga? Sasa leo umekuja kuniambia ilikuwa miaka miwili. Mimi nitaamini Mwalimu gani, wa wakati ule ama wa leo?"

Nilinunua dawa ya mchwa nisiyoihitaji nikaondoka. Njia nzima nilikuwa namjibu kichwani, kwa ufasaha mkubwa, na kila jibu lilikuwa linarudi kwenye kalamu yangu.

Aprili ilipofika tukafanya ibada ya kumbukumbu ya ndugu yetu, siku ya kuweka msalaba wa saruji. Mjane wake akaniomba niisome tena historia ya marehemu. Wakwe walikuja kutoka Lugari, wakakaa hema la mbele, mama mkwe wa marehemu katikati na kitambaa chake cheupe. Niliandika historia mpya usiku wa kuamkia siku hiyo na sikumwonyesha mtu.

Nilisoma kuzaliwa, shule, ndoa, kazi. Kisha nikasoma kwamba ndugu yangu aliona damu alipokwenda choo, akaificha miezi minane kwa aibu, akakonda, na alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini. Nikasoma kwamba baba yetu alikwenda hivyo hivyo. Nikasoma kwamba senge alikwenda hivyo hivyo, wala hakuna mke mwenza aliyemroga, na kama yupo hapa namwomba radhi. Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu, akaanza kukohoa kwa nguvu, kikohozi cha kumwambia mtu akae. Mchungaji akafungua kitabu cha nyimbo. Niliendelea kusoma mpaka mwisho. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, na mpaka leo sijui kama ilikuwa aibu au kilio.

Chakula kilipoletwa hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Baba mdogo alinipitia na sahani yake ya obusuma, ugali wa kwetu, na kuku akasema bila kusimama, "Umetuvua nguo mbele ya watu." Nilimwambia ndiyo, baba. Nilikuwa nimechoka kubishana na watu ninaowapenda.

Nikaenda nyuma ya jiko kunawa mikono kwenye tangi. Mdogo wangu akanifuata. Alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Hakuniita Mwalimu.

"Dada. Hiyo miezi minane. Ni kutoka siku ya kwanza aliona, ama kutoka wakati ilikuwa kila siku?"

"Kutoka siku ya kwanza."

Alisimama pale maji yakimwagika juu ya viatu vyake vya kanisani, midomo ikihesabu.

"Basi mimi nimefika sita," akasema.

Novemba, wakati anawaita wateja wasome, alikuwa tayari ameona damu. Alinicheka akijua. Nilitaka kumzaba kofi mbele ya ukoo na wakwe, aanguke pale kwenye matope, na nadhani angekubali kofi hilo. Badala yake nilifunga bomba. Nikamwambia Jumatatu saa moja nitakuwa mlangoni kwake na hafungui duka. Akasema Jumatatu kuna lori la mbolea. Nikamwambia lori litageuka lirudi lilikotoka.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha huyu mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, baba wa watoto wanne, aliyesema waya hauwezi kumwingia, akaniuliza kama hospitali wanaruhusu dada wa mtu kukaa naye ndani. Nikamwambia sijui sheria yao, lakini nitakaa.