Vitufe Alivyovipanga Ma Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomwaibisha mtu mzima kwa jambo nisilolielewa.

Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Kamachumu kuja kuchapa katika ofisi moja mjini Bukoba. Nilikuwa na kasi, na nilijivunia. Mwenzangu alikuwa Ma Zuhura, mama wa mjini aliyeanza na mashine za taipu kabla kompyuta hazijatufikia. Siku hiyo kompyuta yangu iligoma, nikakaa kwenye yake. Nikabonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na S nihifadhi kazi. Badala yake herufi zikawa kubwa.

“Bosi, kibodi ya huyu mama mbovu!” nikapaza sauti.

Bosi akamgombeza mbele ya wateja. Yeye akajibu taratibu, “Si mbovu. Nimeipanga hivyo mwenyewe.” Mimi nikacheka.

Baada ya miezi kadhaa, kidole changu kidogo cha kushoto kikaanza kuuma, maana kutwa nzima nilikinyoosha hadi pembeni kabisa kutafuta Ctrl. Nikanyamaza, nikiogopa kufukuzwa. Ofisi nzima ni Ma Zuhura peke yake aliyeona.

“Kidole kinakuuma tangu lini?”

“Hakiniumi, Ma.”

“Jana ulishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto. Sema kweli.”

Nikasema. Akavuta kiti, akafungua mipangilio ya kompyuta yangu, akabadilishanisha kazi za vitufe viwili: Caps Lock, kilicho jirani na kidole, kikawa Ctrl, na Ctrl kikachukua kazi ya herufi kubwa. Kumbe ndio ule niliouita ubovu! Naye aliwahi kuumwa hivyo, akawauliza mafundi, akaandika hatua zote kwenye daftari.

“Ma, unanisaidia baada ya yale niliyokufanyia?”

“Nikuache uumie ili iweje? Haya, chapa nione.”

Siku za kwanza nilikosea kila mstari. Kisha vidole vikazoea, na maumivu yakaisha polepole. Nikamwendea bosi, wateja wakisikia, nikasema Ma Zuhura hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Mama yule alitabasamu tu, akaendelea kuchapa. Hadi leo sijaona fundi wa kazi mwenye moyo kama wake.

Basi, mwanangu, ukikuta mtu anafanya kazi kwa namna usiyoijua, muulize kabla hujamcheka. Mwili ukiuma, sema mapema. Na chombo cha kazi kipange kikufae wewe, usijikunje kwa ajili yake. Mungu akulindie mikono yako, akupe na wenzako wenye macho ya kukuona.