Leso ya Harusi ya Kifalme

Mwenye duka, mama wa Kichina ambaye sisi wanunuzi twamwita laoban, alifungua robota, na harufu ya wanga wa leso mpya ikanijaa puani. Pale pale, ndani ya jumba la nguo la Guangyuan, huko Uchina, nikawa mtoto nimeketi sakafuni kwetu Mombasa.

Mama alikuwa na leso ya harusi ya kifalme ya ng'ambo: mwana wa mfalme kushoto, bibi harusi kulia. Aliipenda mno. Siku moja redio ikatangaza kwamba wale wawili wameachana, na jirani yetu akaja mbio.

"Si nilikwambia, shoga? Wafalme wana faida gani? Kazi yao kula tu, na ndoa imewashinda! Hiyo leso pigia deki."

Miezi ile baba naye alikuwa haonekani nyumbani, na jirani alilijua hilo vizuri sana. Mama akaichukua leso, akajifunga polepole, akitanguliza ule upande wa kushoto ndani kabisa, mpaka mwana wa mfalme akapotea. Bibi harusi akabaki nje na taji lake.

"Nimeinunua mwenyewe," akasema. "Mfalme hana haki nayo." Akashika kikapu, akaenda zake sokoni.

Laoban alinisogezea sampuli ya leso: mfalme kijana kushoto, mkewe kulia. "Hawa kwenu watauzika?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha dukani.

Nikaikunja sampuli katikati.

"Huyu wa kulia peke yake," nikamwambia. "Chapa picha yake, iwe kubwa."